Anza na Ile ya Gari

Karakana ile ilipangwa na watu wanne, na kila mmoja alikuwa na upande wake. Mipaka walikuwa wameichora sakafuni kwa rangi nyeupe, lakini rangi yenyewe ilishafutika kwa mafuta na nyayo, kwa hiyo ugomvi wa nani kammwagia nani vumbi la msasa ulikuwa hauishi. Mlangoni alikaa Mama Sindano, mshona viti vya magari, na cherehani yake nzito na marobota ya sponji yaliyofika darini. Kando yake alikuwa fundi wa kuchomelea. Kona ya kulia ilikuwa ya mkerezaji, bwana mmoja mpole ambaye mashine yake ya kukereza vyuma ilikuwa kama kisima cha banda zima: hapakuwa na kazi ya mtu iliyokwisha bila kupita kwake. Nyuma kabisa, ukutani, alikuwa fundi wa kunyoosha bodi aliyeitwa Nyundo, na hata wateja walishasahau kwamba ana jina jingine.

Nyuma ya Nyundo, chini ya turubai, palikuwa na gari la marehemu baba yake.

Lilikuwa gari la mbio la zamani, la viti viwili, refu mbele na fupi nyuma, limekaa chini kiasi kwamba mtu mzima akitaka kuingia inabidi ajikunje kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Baba yake alikimbia nalo mashindanoni enzi zake. Alipofariki, Nyundo alikuwa mtoto wa kubebwa mabegani, na kitu kimoja tu alichobaki nacho kutoka kwa baba yake ni ule mlio: gari likikata kona ya mwisho kuelekea nyumbani, likinguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini. Baada ya hapo gari lilikaa nyuma ya nyumba miaka na miaka. Kuku walitagia ndani. Injini haikuwemo. Kaka yake aliing'oa mapema, akaifunga kwenye mashine ya kupasulia mbao, na mashine hiyo ndiyo iliyowalisha wote.

Lilipoingia karakana lilikuwa limeoza. Kutu ilikuwa imekula sakafu, ukikaa ndani unaona ardhi. Nyundo hakuwa na haraka. Akimaliza gari la mteja, badala ya kunawa mikono aende nyumbani, anafunua turubai na kuanza kugonga. Alikata bati bovu, akakunja bati jipya kwa mkono juu ya gogo, akalichomelea, akalisugua mpaka ukipitisha kiganja hujui la zamani limeishia wapi. Puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati kabla ya rangi, hakutaka hata kuiona.

"Puti ni uongo," alikuwa akisema.

"Basi uongo ndio unaokulisha," Mama Sindano alimjibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Maana magari ya wateja wako mvua ikinyesha sana yatayeyuka."

Banda zima likaangua kicheko, na Nyundo naye akacheka. Mke hakuwa naye. Aliyekuwa naye aliondoka mapema, akisema hawezi kuwa bi mdogo wa bati.

Bodi ilipokwisha na rangi nyekundu ikakauka, likabaki jambo la injini. Mama Sindano, aliyekwisha kumshonea viti vipya vya ngozi ya kahawia, alimshauri atafute injini yoyote ile, gari litembee, roho yake itulie.

"Injini yoyote haitalia vile," alisema Nyundo.

"Vile vipi?"

Nyundo akatazama huku na huku, kisha akaukunja mdomo na kuigiza ule mlio, jitu zima lenye ndevu, mpaka mkerezaji akazima mashine yake ili asikie vizuri. Walicheka hadi machozi. Lakini siku iliyofuata Nyundo alivaa shati safi akaenda kwa kaka yake.

Kaka alikuwa kazini. Msumeno wa mviringo ulikuwa ukila gogo, na injini ya baba, imefungwa kwa nati kwenye saruji, ilikuwa ikitikisa ardhi yote ya kiwanja. Kaka alikuwa amempita Nyundo miaka mingi. Aliacha shule wiki ile ile baba yao alipofariki. Kelele za mashine zilikuwa zimemla masikio, hata akizungumza na mkewe kitandani anapiga makelele. Mashine aliifahamu kwa nyayo. Alivaa kandambili zilizolika mpaka zikawa kama karatasi, na kwa nyayo hizo alijua injini inapochoka, inapokwama, inapotaka kuzimika.

"Kaka, nimekuja kwa ajili ya injini!"

"Haiuzwi!"

"Sitaki kununua. Gari limekwisha. Imebaki injini tu."

Kaka akaizima. Ukimya ulioingia ulimfanya Nyundo ajute kwa nini hakuyasema yote wakati wa kelele.

"Bwana mdogo," alisema kaka, akijipangusa vumbi la mbao usoni, "hii injini ndiyo iliyokununulia viatu. Madaftari, dawa za mama, hiyo nyundo yako ya kwanza, vyote vimetoka hapa. Unataka niing'oe ukatembee nayo barabarani watu wakuangalie?"

"Ni ya baba."

"Najua ni ya baba. Wewe unakumbuka mlio. Mimi nakumbuka mama amesimama barazani amevaa nguo zake nzuri, na gari linaondoka. Viti viwili, bwana mdogo. Hujawahi kujiuliza cha pili kilikuwa cha nani?"

Nyundo aliangalia chini. Minong'ono ya namna hiyo alishaisikia tangu utotoni, na kila mara alikuwa akijifanya hajasikia.

"Siku niliyoing'oa," kaka aliendelea, "ndiyo siku ya kwanza kitu cha yule mzee kuleta unga nyumbani. Niache nifanye kazi."

Nyundo aliondoka na hasira, hasira ya mtu anayejua ameambiwa kweli. Hakurudi karakana. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yao, akamweleza kwamba gari liko tayari, linang'aa, ila kaka amekataa na injini. Maneno mengine yote ya kaka aliyameza. Mama akajifunga upya kitambaa chake kichwani ingawa hakikuwa kimelegea.

"Nitasema naye," alisema.

Kaka hakuwa amewahi kumkatalia mama yake kitu, na kila mtu katika familia alilijua hilo, Nyundo kuliko wote.

Siku chache baadaye kaka alifika karakana kwa miguu, akasimama nje ya ule mstari mweupe kama mteja.

"Mama amesema, basi yamekwisha," alipaza sauti. "Lakini usiniache mkono mtupu. Nina mbao za watu. Niletee injini nyingine kwanza, ndipo uichukue hii."

Nyundo aliapa kwa kila alichoweza kuapia. Na kweli alihangaika. Alipata injini ya dizeli kutoka kwenye lori bovu, nzito, nzima, injini ya kufaa kabisa. Kilichokosekana ni puli ya kuvalisha mkanda wa msumeno, na puli hiyo ilibidi ikerezwe. "Hiyo ni kazi ya siku mbili," alimwambia kaka yake. "Nipe ya baba nianze kuifungua. Wewe azima ile ya pampu ya maji ya jirani, wiki haitaisha utakuwa na yako." Kaka alisita, akamtazama, kisha akachukua spana na kuanza kulegeza nati mwenyewe. Mdogo wake alikuwa amemwahidi.

Hapo Nyundo akasahau dunia. Aliifungua injini kipande kwa kipande juu ya gunia, akatoa vumbi la mbao lililoganda hadi mahali ambapo hakudhani vumbi linaweza kufika. Alibadilisha ringi za pistoni, akasafisha kabureta kwa mswaki, akakata gasketi kwa mkasi. Ilipowaka mara ya kwanza, ikiwa imewekwa juu ya matairi katikati ya karakana, Mama Sindano aliziba masikio na kupiga vigelegele kwa wakati mmoja. Fundi wa kuchomelea aliruka kana kwamba ameona nyoka.

Lakini walipoiweka ndani ya gari, kipande cha kuungia injini na giaboksi kikakutwa na ufa. Kipya hakipatikani dukani. Lazima kikerezwe.

Mkerezaji alikuwa tayari amefunga chuma cha puli kwenye mashine. Alimwita Nyundo.

"Kesho kutwa nasafiri, binti yangu amejifungua. Zote mbili sitaziwahi. Nianze na ipi?"

Nyundo alitazama puli ikiwa bado donge la chuma. Alitazama gari, boneti wazi, jekundu, limebakiza kidogo tu. Mama alikwisha kuulizia mara mbili ni lini.

"Anza na ile ya gari," alisema. "Kaka ana ya kuazima, atavumilia."

Alilisema jambo lile kwa wepesi, kama mtu anayeulizwa chai iwekwe sukari au isiwekwe. Mkerezaji akakifungua chuma cha puli, akakiweka kando.

Asubuhi ambayo gari lilitoka, mama alikuja amevaa vizuri kupita siku zote ambazo Nyundo aliweza kukumbuka. Wakamsaidia kuingia. Mama Sindano alimwekea mto mgongoni. Mkerezaji alikuwa ameondoka alfajiri na basi. Nyundo akawasha, na ule mlio ukatoka, mzito, unapanda na kushuka.

Barabarani watu waligeuka. Watoto walikimbia nyuma yao. Mama alikunja mikono mapajani, akasema, "Pole pole, mwanangu. Nataka wanione."

Nyundo akapunguza mwendo, akacheka.

"Sijawahi kukaa humu," alisema mama. "Hata siku moja."

"Najua."

"Nani kakuambia?"

"Kaka."

Mama aligeuza uso dirishani. "Kaka yako nilimwambia akupe injini kwa heshima ya baba yenu. Nilimdanganya. Nilikuwa nataka mwenyewe." Kisha, baada ya nyumba kadhaa kupita, "Twende kwake. Na yeye aone."

Nyundo alifurahi. Alijiambia kwamba kaka akimwona mama kwenye kiti kile, hata ule moyo wake mgumu utalainika. Akakanyaga mafuta.

Kiwanjani kwa kaka watu walikuwa wamejaa. Mwanzoni Nyundo alidhani wamesikia gari likija. Halafu akaona hakuna anayetazama gari. Mke wa kaka alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la mbao, kanga yake imelowa, na kaka amekaa ameegemea gogo, uso umekuwa wa rangi ya majivu, mkono wake wa kulia umezungushiwa nguo na bado damu inapita.

"Lete gari!" shemeji yake alipiga kelele. "Lete hilo gari!"

Mama alishuka. Hakungoja kusaidiwa. Wakamkunja kaka wakamwingiza kwenye kile kiti cha ngozi, na mama akabaki amesimama kando na nguo zake nzuri, akiangalia mlango ukifungwa.

Nyundo aliendesha kwa kasi kuliko alivyowahi kuendesha. Lile gari lilikuwa la kazi hiyo. Lilipita katikati ya malori kama sindano, na mlio wake ulijaa barabara nzima, na Nyundo aliuchukia. Njiani ndipo alipopata habari kwa vipande vipande, kaka akiongea huku meno yanagongana. Ubao ulikwama. Msumeno ukasimama. Akatia mkono autoe. Alidhani injini imezimika.

"Ile injini ya kuazima ni nyepesi," alisema kaka. "Haitikisi ardhi. Sikuisikia."

Injini haikuwa imezimika. Mkanda tu ndio uliokuwa ukiteleza, na ubao ulipoachia, msumeno ukazunguka tena.

Walikuwa wamekaribia hospitali kaka alipofumbua macho.

"Puli iko wapi?" aliuliza.

"Mkerezaji amesafiri," alijibu Nyundo. "Binti yake amejifungua."

Lilikuwa jibu la kweli. Kaka akaitikia kwa kichwa, akaliamini, akafumba macho.

Mkono haukuokolewa. Madaktari walifanya walichoweza, wakaukata juu kidogo ya kifundo. Nyundo alilala kwenye benchi la nje, akaleta uji, akaleta shuka safi, akabishana na wauguzi, akawa mtu mwema kuliko alivyowahi kuwa. Shemeji yake alimwita "baba wa pili wa watoto wangu" mbele ya wagonjwa wengine. Kila alipoitwa hivyo, alichukua bakuli la uji akaenda kuliosha. Mama alikuja akakaa miguuni pa kitanda, na yeye na Nyundo hawakuweza kutazamana.

Kisha mkerezaji akarudi safari. Alikuja hospitali mkononi ana mfuko wa machungwa, huzuni imemjaa, mtu asiyejua kuzunguka maneno.

"Pole sana, ndugu yangu," alimwambia kaka kwa sauti ya juu, kama wote walivyofanya. "Imeniuma kweli. Puli yako ilikuwa imeshafungwa kwenye mashine! Ningeimaliza kabla sijasafiri. Ila ndugu yako akasema nianze na ile ya gari."

Alikuwa akimenya chungwa, hakuona lolote. Shemeji alikuwa anakunja nguo. Alisimama nayo mkononi. Kaka alimtazama Nyundo kwa muda mrefu, si kwa hasira, bali kama unavyomtazama mtu unayejaribu kukumbuka umemwona wapi.

"Nitakurudishia injini, kaka," alisema Nyundo. "Leo hii. Nitaing'oa leo leo."

"Nitaiwasha kwa mkono upi?" aliuliza kaka, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakupiga makelele. Akageukia ukuta.

Shemeji alimsindikiza Nyundo hadi mlangoni. Hakumtukana. Alisema tu, "Kesho usilete uji," akafunga mlango.

Gari lilikaa karakana likiwa na damu kwenye kiti. Mama Sindano aliitoa ngozi ile akaichoma bila kuombwa, akashona nyingine, na safari hii hakutania. Watu walikuwa wakija kulitazama, wanapiga picha, wanasema lahaula, kazi hii! Nyundo akawa anatoka nje mpaka waondoke. Baadaye akaja mtu wa kukusanya magari ya zamani, akalizunguka, akapitisha kiganja kwenye bati, akalichukua na injini yake ya zamani. Malipo yote Nyundo aliyatuma kwa shemeji kupitia Mama Sindano. Yalipokelewa, kwa sababu watoto lazima wale. Salamu hazikurudi.

Injini ya dizeli aliipeleka mwenyewe, na puli yake imekerezwa safi. Aliifunga kwenye saruji, akavalisha mkanda, akaiwasha, na hakuna aliyemfukuza. Kesho yake akarudi kushika gogo, kwa kuwa kaka hakuweza kulishika na wapasuaji wa kukodi walikuwa wakimwibia. Kesho kutwa akarudi tena. Basi ikawa hivyo. Asubuhi anasukuma magogo kwa kaka yake, mchana anakwenda karakana kujaza magari ya watu puti.

Kaka hakumfukuza, ila hakusema naye. Akiwa na neno, alimwambia mkewe, hata kama Nyundo amesimama hatua moja mbele yake.

"Mwambie huyo ainue upande wake."

"Inua upande wako," anasema shemeji.

"Mwambie mbao ya jana ilikuwa imepinda."

"Mbao ya jana ilikuwa imepinda."

"Mwambie kaka nimesikia," anasema Nyundo, na shemeji anageuka, anapaza sauti kuyarudisha maneno kwa mumewe.

Mwaka ulipita wakiishi hivyo. Mama alipokuja kuwatembelea alikaa mbali na mashine, anapepeta mchele, na hakuna aliyemwomba aseme na mtu yeyote.

Siku moja ubao ulikwama. Nyundo alikuwa amechoka, mawazo yake yako kwingine, na mkono wake ukanyooka wenyewe kwenda kuutoa.

"Mkono!" kaka alipiga kelele.

Nyundo aliurudisha. Msumeno ulizunguka mara moja, ukasimama. Kaka alikuwa amefika karibu yake, anahema, kile kigutu amekiinua kana kwamba alitaka kumshika nacho. Walitazamana. Ndugu hawa hawakuwa wamekaribiana hivyo tangu siku ile ndani ya gari. Nyundo akafungua mdomo.

"Kaka..."

Kaka alimpita, akazima injini, akaenda kunywa maji. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, alisimama mahali pake pa kawaida na kumwita mkewe.

"Mwambie huyo," alisema, "awe anaangalia anachofanya."

Shemeji alimgeukia Nyundo, akafikisha maneno, na kazi ikaendelea.